Mwendo na Safari: Mizizi ya Kiarabu katika Maneno ya Kutembea

Siku moja nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu wa sekondari hapa Bujumbura, nikakutana na sentensi iliyonisimamisha kalamu. Mwanafunzi alikuwa akieleza jinsi babu yake mgonjwa alivyoamka usiku kumfungulia mgeni, akaandika: "Babu alisafiri kutoka kitandani hadi mlangoni." Nilipiga mstari mwekundu chini ya neno "alisafiri". Kesho yake kijana yule alinijia na daftari mkononi. "Mwalimu," akaniuliza, "kwani babu hakutoka mahali akafika mahali pengine?" Nilipomwuliza kwa nini hakuandika "alikwenda", alinijibu kwamba "kwenda" ni neno la watoto, tena ni karibu sawa na "kugenda" la Kirundi, ilhali "safiri" ni neno la Kiarabu na kwa hiyo lina heshima zaidi.

Niliporudi katika chumba cha walimu nikasimulia kisa hiki. Mwenzangu mmoja, mtu mwenye mapenzi makubwa na Kiswahili, akapandwa na hamaki. Yeye anaamini kwamba Kiswahili kikiwa lugha ya Kibantu hakina haja ya "safari" wala "wasili". Tuyafute maneno hayo, tuseme "mwendo" na "fika", na wanafunzi wetu hawatababaika tena. Nilisikiliza pande zote mbili, na kadiri nilivyozidi kufikiri ndivyo nilivyoona kwamba mwanafunzi na mwalimu, ingawa wanapingana, wamesimama juu ya kosa moja. Wote wawili wanadhani kwamba Mswahili alijifunza kutembea kwa Mwarabu. Maneno yenyewe yanasema vingine.

Ni vema tuanze kwa Waarabu wenyewe. Lugha yao hujenga maneno juu ya mizizi ya konsonanti, aghalabu tatu, na irabu pamoja na viambishi huwa ni kama nguo zinazovikwa mzizi huo. Tangu zama za al-Khalil bin Ahmad katika karne ya 8, wanazuoni wao waliifanya kazi ya kukusanya mizizi hii kuwa elimu kamili. Ibn Faris, aliyefariki mwaka 1004, alitunga kamusi ambayo ndani yake alijaribu kuurudisha kila mzizi kwenye maana moja au mbili za asili. Ibn Manzur alikamilisha mwaka 1290 kamusi yake kubwa, Lisan al-Arab, ambayo hata leo mwenye shaka huiendea.

Lakini anayetaka kuona jinsi Waarabu walivyotazama miguu ya watu na wanyama amwendee Abu Mansur al-Thaalibi wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1038. Kitabu chake cha Fiqh al-Lugha kimepangwa kwa maana, si kwa herufi, na ndani yake aina za mwendo zimetengwa moja moja. Mtoto mchanga anayejisukuma kwa makalio ana neno lake, habwi. Mtoto mdogo aliyeanza kutia miguu chini ana lake, darajaan. Kijana atembeaye kwa uchangamfu huku akijitikisa mwili, mwendo wake ni khataraan. Mzee afupishaye hatua, ni dalifu. Aliyeelemewa na mzigo, ni hadajaan. Aliyefungwa minyororo miguuni, ni rasafaan. Mwenye kiburi na mwanamke aliyeujua uzuri wake wana ikhtiyali na tabakhturi, na arudiye kinyumenyume ana kahkara. Hatujagusa ngamia na farasi, ambao kila badiliko la mwendo wao lina jina. Baadhi ya majina hayo hata yalipanda daraja yakawa majina ya bahari za ushairi wa Kiarabu: khababu, ambao ni mwendo wa farasi au ngamia anayekwenda mbio za wastani, na ramali, ambayo wanazuoni waliifananisha na mwendo wa haraka usiofikia mbio.

Sasa tujiulize: katika maneno yote hayo, ni mangapi yaliyovuka bahari yakaja kukaa Lamu, Mombasa, Unguja au Kilwa kama majina ya mwendo? Nimeyapitisha katika kamusi zetu, kuanzia ile ya Krapf iliyotolewa 1882, kupitia ya Johnson ya 1939, hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, nisipate hata moja. Hata kitenzi cha kawaida kabisa cha Kiarabu cha kutembea, masha, hakikupata kiti katika mazungumzo yetu.

Na si kwamba Waswahili hawakuwa na haja ya kupambanua miendo. Mtoto wetu husota, kisha hutambaa, kisha husimama dede. Mwizi hunyata. Mlevi hupepesuka. Mwenye kidonda cha unyayo huchechemea, au huenda chopi. Mchovu hujikokota na mzee hujikongoja. Mwenye miguu iliyotanuka hutagaa. Asiye na kwake hutangatanga, na mwenye kujiona hutembea kwa maringo. Hapa tunayo orodha inayoweza kukaa mkabala na ile ya al-Thaalibi bila ya haya, na katika orodha hii sioni neno lenye mzizi wa Kiarabu. Chini yao wote amelala "kwenda", ambaye ndugu zake tunawasikia kila siku: Kirundi kina kugenda na urugendo, Luganda ina okugenda na olugendo, nasi tuna kwenda na mwendo. Kwa hiyo mwanafunzi wangu alikuwa amesikia vizuri kwamba "kwenda" na "kugenda" ni mamoja. Alikosea tu kudhani kwamba jambo hilo linapunguza heshima ya neno.

Sababu yake si ngumu kuiona. Maneno ya kigeni huingia kwa mlango ambao wageni wenyewe wameingilia. Kwenye pwani yetu wageni wa Oman na Hadharamauti waliingia kwa jahazi zilizosukumwa na kaskazi, wakauza na kununua, wakasubiri kusi iwarudishe kwao; na wale waliobaki walioa, wakaandika hati, wakahukumu kesi, wakasomesha vyuoni. Ngamia wao hawakuwa chombo cha usafiri cha Kilwa wala cha Unguja, basi msamiati wa ngamia ulibaki na ngamia. Na mtoto hafundishwi kutembea na kadhi wala na tajiri. Hufundishwa na mama na bibi, barazani na uani, kwa maneno ambayo mama na bibi walikuwa nayo kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga.

Yaliyoingia basi ni yapi? Tukianza na safari yenyewe, mzizi wake ni s-f-r, na wanakamusi wa Kiarabu huurudisha kwenye maana ya kufunua na kudhihirisha. Mwanamke aliyeondoa shela usoni huelezwa kwa mzizi huo, na asubuhi inapopambazuka huelezwa kwa mzizi huo huo. Walipoulizwa safari ina uhusiano gani na kufunua, wengi wao walijibu kwamba safari hufunua tabia za watu, na yeyote aliyewahi kukaa siku tatu katika lori moja na jirani yake hatawabishia. Kwetu mzizi huo ulizaa safiri, msafiri, usafiri na msafara, yote yakiwa yamevikwa viambishi vya Kibantu barabara.

Hiji ni mfano mzuri zaidi, nami hupenda kuutumia darasani. Mzizi wake, h-j-j, una maana ya kukusudia, kuelekea jambo lililotukuzwa. Kutoka hapo Kiarabu kilipata hija, yaani kuikusudia Makka, na pia hujja, yaani dalili inayokusudiwa kumshinda mpinzani, ambayo kwetu imekuwa "hoja". Hivyo mzee anayekwenda kuhiji na mbunge anayesimama kutoa hoja wanakunywa kisima kimoja. Wasili nalo linatoka katika mzizi wa kuunga, w-s-l: aliyewasili ni aliyeunganika na mahali alipokuwa akienda, na ndiyo maana kutoka mzizi huo tumepata pia mawasiliano. Rejea, zuru, hajiri ni ya jamii hii hii.

Rudi lina kisa chake. Kwa Kiarabu radda ni kukirudisha kitu, si kurudi mwenyewe. Sisi tumelipindua, mtu akawa anarudi kwa miguu yake, ila maana ya kale imebaki imejificha pale tunaposema kwamba mzazi anamrudi mtoto, yaani anamkanya na kumtia adabu.

Nakili ndilo lililosafiri mbali kuliko yote. Mzizi n-k-l (k hii ni ile ya kooni, ambayo Kiswahili hakiitofautishi) maana yake ni kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Mwandishi aliyehamisha maneno kutoka karatasi hadi karatasi alikuwa akinakili, na Kiswahili kikaichukua maana hiyo ya karani, kikaiacha ile ya mchukuzi. Kwa mchukuzi tulikuwa tayari na kubeba, kuhamisha na kupagaza.

Ukiyatazama maneno haya kwa pamoja utaona kwamba yote yanajibu maswali ya namna moja: mtu amekwenda wapi, kwa nia gani, amefika, atarudi lini. Hakuna linalojibu swali la jinsi mguu wake unavyogusa ardhi. Ndipo tunapopata jawabu la mwanafunzi wangu. Babu yake hakusafiri hadi mlangoni kwa sababu safari ina mwanzo, kusudio na pengine mzigo, babu alijikongoja.

Hata hivyo nisiwafiche walimu wenzangu kwamba kuna maneno yanayoiharibu kanuni hii. Hatua ni hatua ya mguu kabisa, nayo ni ya Kiarabu, khatwa. Nadhani ilipenya kwa sababu hatua ni kipimo pia. Mtu hupima kiwanja kwa hatua, na mambo yanayopimwa na kuhesabiwa yalikuwa sokoni na mahakamani, mahali pa Kiarabu. Leo tunachukua hatua, tunapiga hatua, na kesi iko katika hatua fulani, hata mguu umekaribia kusahaulika. Daraja ni la kushangaza zaidi. Mzizi wake, d-r-j, ndio ule ule uliotoa darajaan, mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea. Maana yake ni kupanda kidogo kidogo, ngazi kwa ngazi. Kiarabu kilituletea daraja kwa maana ya kidato cha ngazi na cheo, nasi tukaongeza ile ya kuvukia maji, ambayo ndiyo iliyolipa jina soko la Darajani kule Unguja. Mtoto mwenyewe hakuja. Sisi tulikuwa na dede.

Kisha yapo maneno mawili ambayo kwa maoni yangu yana thamani kuliko yote katika somo hili, nayo ni haraka na taratibu. Haya hueleza namna ya kutembea waziwazi: tembea haraka, tembea taratibu. Je, hatujavunjikiwa hoja? La, kwani katika Kiarabu hakuna hata moja lililo jina la mwendo wa miguu. Haraka kwa Mwarabu ni mtikisiko wowote, kinyume cha utulivu. Katika sarufi yake, herufi yenye irabu huitwa inayotembea, na alama za irabu huitwa harakati; herufi isiyo na irabu huitwa sakini, iliyotulia, na alama yake ni sukuni. Mzizi huo wa utulivu, s-k-n, ndio uliotupa maskani, mahali mtu anapotulia, na maskini, ambaye wanakamusi husema ni mtu aliyetulizwa na uhitaji hata hawezi kujitikisa. Taratibu nalo asili yake ni kupanga vitu kwa mpango wake, na ndugu zake ni ratiba na mratibu. Mswahili ndiye aliyeamua kwamba kujitikisa ni kwenda mbio, na kwamba anayekwenda kwa mpango huenda polepole. Hakuazima miendo hii miwili, aliiunda mwenyewe kwa mbao za jirani.

Ushahidi wa jambo hili umo katika methali. Waarabu wana msemo mashuhuri usemao kwamba katika haraka mna baraka. Maana yake ni kwamba asiyejitikisa hapati riziki. Inuka, ushughulike, Mungu atakubariki. Sisi tuna methali inayotumia maneno hayo hayo mawili, vina hivyo hivyo: haraka haraka haina baraka. Msikilizaji wa Maskati akiisikia kwa masikio yake ya Kiarabu atadhani tunasifu uvivu. Kumbe kwetu "haraka" ilikuwa imekwisha kuwa kitu kingine. Katika karne ya 20 neno lilipoingia tena kwa umbo la "harakati", katika magazeti na katika hotuba za ukombozi, lilirudi karibu na asili yake: watu waliotikisika kutoka utulivu wao. Sasa tunalo neno moja kwa maana mbili, nasi tunaweza kusema bila ya kujipinga kwamba harakati hazitaki haraka.

Hapa sina budi kuwatahadharisha wenzangu juu ya mtego mmoja. Herufi za Kilatini huficha mizizi. Haraka, hatua na hijra zote tunaziandika kwa h, lakini katika Kiarabu ni herufi tatu mbalimbali. Haji na haja zinafanana kwa macho, ila mizizi yao ni tofauti. Mwanafunzi mmoja hodari aliwahi kunithibitishia kwamba safari, sufuria na sifuri ni ndugu, kwa kuwa msafiri hubeba sufuria na hurudi na sifuri mfukoni. Nilicheka, nikampa alama za ucheshi. S ya safari ni sini, na s ya wenzake wawili ni sadi. Madhehebu, kwa upande mwingine, kweli linatokana na kwenda, dh-h-b, maana yake njia ambayo mtu huiendea. Lakini dhahabu, yenye konsonanti hizo hizo, ina maana yake mbali.

Nimesema maneno huingia kwa mlango wa wageni, na kwa sisi wa bara mlango huo ulikuwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, kando ya ziwa lile lile tulilo nalo huku kwetu. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kutangulia. Tazama jinsi maneno ya msafara yalivyogawana kazi. Jina la jambo zima, msafara, lina mzizi wa Kiarabu, kwa maana tajiri na daftari lake walikuwa wa pwani. Lakini mpagazi, mzigo, njia na kiongozi ni maneno ya Kibantu, kwa maana miguu ilikuwa ya watu wa bara. Kwa Waarabu msafara huitwa pia kafila, na mzizi wake ni kurejea. Wanakamusi wao walieleza kwamba wasafiri wanaoondoka waliitwa kwa jina la wanaorejea ili iwe fali njema. Neno hilo halikushamiri katika njia yetu.

Katika njia hiyo hawakupita wapagazi wa pembe za ndovu peke yao. Walipita pia watu waliofungwa minyororo na miti ya shingoni, wakishushwa pwani kuuzwa. Al-Thaalibi alikuwa na jina la mwendo wao tangu karne ya 11, rasafaan, mwendo wa mwenye pingu. Jina hilo halikuja katika Kiswahili, ingawa mwendo wenyewe ulipita hapa kwa miaka mingi, na hata leo tukitaka kuueleza hutulazimu kutumia maneno mengi: kwenda huku umefungwa minyororo. Namwambia mwenzangu anayetaka kufuta maneno ya Kiarabu kwamba asifute upesi. Safari, msafara na daraja ni alama za miguu, na mwenye kufuta alama za miguu hatajua nani alipita.

Neno safari lenyewe halikukoma Ujiji. Katika karne ya 19 wageni wa Ulaya walilichukua kutoka vinywani mwa Waswahili, si kutoka kwa Waarabu, wakalipeleka katika lugha zao, na huko maana yake ikapungua ikawa ni kuwinda na kutazama wanyama. Siku hizi mtalii hushuka Arusha au Nairobi akauliza safari inaanza saa ngapi, naye anakusudia simba. Wakati huo huo mama mmoja wa Buyenzi amekaa juu ya kapu lake katika basi la Kigoma, mwanawe mgongoni, na ukimwuliza aliko, jirani yake atakwambia: yuko safarini.